Maneno Yasiyo na Mwalimu: Historia ya Msamiati wa Kitaaluma wa Kiingereza

Kila tunapokutana sisi wanafunzi wa zamani wa shule hii, hakosekani mmoja wetu wa kusimama na kutangaza kwamba Kiingereza cha vijana wa siku hizi kimekufa. Wengi huitikia kwa vichwa, na wadogo zetu walioketi nyuma ya ukumbi huinama kwa haya. Nionavyo mimi, jambo hili linastahili kutazamwa kwa jicho la historia kuliko kwa manung'uniko. Kabla ya kumlaumu kijana kwa kutojua Kiingereza, hatuna budi kuuliza ni Kiingereza kipi anachotakiwa kukijua, kilitoka wapi, na ni nani aliyepewa kazi ya kumfundisha.

Tumchukue kijana wa kidato cha pili. Aghalabu huyu anaweza kuomba ruhusa, kusimulia safari yake ya likizo na kutaniana na wenzake kwa Kiingereza. Sasa mpe kitabu cha jiografia au cha biolojia. Atakutana na "factor", "consist", "derive", "assume", "significant". Maneno haya si ya jiografia, wala si ya biolojia. Yanatembea katika masomo yote kama mgeni asiye na mwenyeji. Mwalimu wa jiografia humweleza mwanafunzi mmomonyoko wa udongo ni nini, kwa kuwa hilo ni neno la somo lake, lakini hasimami kueleza "factor", maana kwake hicho ni Kiingereza tu, na Kiingereza kina mwalimu wake. Mwalimu wa Kiingereza naye hufundisha nyakati za vitenzi, mazungumzo na hadithi, na huko "derive" haionekani mara nyingi. Basi neno linabaki yatima katikati ya walimu wawili. Ajabu ni kwamba maneno yatima ya namna hii ndiyo yanayotumika kutunga maswali ya mtihani.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maneno hayo, na jitihada za watu mbalimbali za kuyakusanya kwa ajili ya wanafunzi. Msomaji ataona kwamba shida hii haikuanzia Tanzania, na kwamba njia ya kuitatua imekwisha kupatikana kwa sehemu kubwa.

WAINGEREZA NAO WALIFUNDISHWA

Wengi wetu tunadhani kwamba Kiingereza cha vitabuni ni mali ya Mwingereza kwa kuzaliwa. La hasha. Miaka 500 iliyopita mtu aliyetaka elimu ya juu huko Uingereza alisoma Kilatini, na katika vyuo vya Oxford na Cambridge mihadhara na vitabu vilikuwa vya Kilatini. Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani, sokoni na shambani. Hata Isaac Newton alipotoa kitabu chake kikuu cha fizikia mwaka 1687, alikiandika kwa Kilatini. Kitabu chake kuhusu nuru, kilichotoka mwaka 1704, ndicho alichokiandika kwa Kiingereza.

Katika karne ya 16 wasomi wa Uingereza walianza kuandika elimu kwa lugha ya watu wao, na mara wakaona kwamba maneno hayatoshi. Hapo wakagawanyika. Wako waliosema tuchukue maneno ya Kilatini na Kiyunani, tuyavishe nguo za Kiingereza. Mmoja wao alikuwa Thomas Elyot, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1531 alizoea kuandika neno geni na kuliambatanisha na neno la zamani lenye maana ya karibu, ili msomaji apate kulifahamu. Wengine walichukizwa. Waliyaita maneno hayo "maneno ya kidau cha wino", wakimaanisha kwamba hayana kazi ila kumwonyesha mwandishi kuwa amesoma. John Cheke, mwalimu mashuhuri wa Kiyunani, alitaka Kiingereza kibaki safi, na alipotafsiri Injili akamwita akida wa askari mia wa Kirumi "hundreder", kutokana na neno lao la mia. Ralph Lever aliandika kitabu cha mantiki mwaka 1573 akakataa neno "logic" na kutumia "witcraft", yaani ustadi wa akili; fasili akaiita "saywhat", na hitimisho akaliita "endsay". Robert Recorde, bingwa wa hesabu aliyetuachia alama ya usawa mwaka 1557, aliita pembetatu yenye pande sawa "threelike".

Maneno hayo ya kujitungia mengi yalikufa, na ya Kilatini na Kiyunani yakashinda. Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Mwananchi wa kawaida wa Uingereza akajikuta hafahamu mahubiri kanisani wala kitabu kilichoandikwa kwa lugha yake mwenyewe. Ndipo mwaka 1604 Robert Cawdrey, aliyepata kuwa mwalimu wa shule, akatoa kijitabu chenye maneno magumu yapatayo 2,500, kila moja likiwa na maelezo mafupi kwa maneno mepesi. Alisema waziwazi kwamba alikusudia kuwasaidia wanawake na watu wengine wasiopata masomo. Wataalamu wanakihesabu kijitabu hicho kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Kamusi ya kwanza ya Waingereza ilitungwa kwa sababu wenye lugha yao walikuwa hawaelewi maneno ya kitaaluma ya lugha yao. Basi kijana wetu asiyeelewa "hypothesis" leo hana sababu ya kuona haya. Mtoto wa London naye hazaliwi nalo neno hilo, hulipata darasani.

ORODHA ZA MICHAEL WEST

Tuvuke sasa hadi karne ya 20, wakati Kiingereza kilipokuwa kikifundishwa kwa mamilioni ya watoto ambao hawakukisikia nyumbani. Sehemu mojawapo ilikuwa Bengal, katika India ya wakati wa ukoloni. Huko alifanya kazi Michael West, mwalimu Mwingereza aliyeingia katika utumishi wa elimu wa India mwaka 1912, na ambaye aliongoza chuo cha ualimu mjini Dhaka, ambao leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Mwaka 1926 alichapisha uchunguzi wake kuhusu watoto wanaosoma kwa lugha mbili.

West aliona kwamba watoto wengi wa Bengal walifundishwa Kiingereza kwa miaka kadhaa, kisha wakaacha shule kabla ya kumaliza. Akalieleza jambo hilo kwa mfano wa bima. Mwenye bima akiikatisha kabla ya muda wake, hurudishiwa kiasi fulani cha fedha. Je, mtoto anayekatisha masomo hurudishiwa nini? West aliona kwamba aghalabu harudishiwi kitu: hawezi kuzungumza, hawezi kuandika, na hawezi hata kusoma kitabu chepesi kwa faida yake. Akashauri kwamba kusoma kutangulie, kwa kuwa mwenye uwezo wa kusoma anaweza kujiendeleza hata akiwa peke yake kijijini.

Alipovichunguza vitabu vya kusomea vilivyotumika wakati huo, aliona kwamba vimejaa maneno ya nadra, tena maneno mapya yanafuatana upesi mno. Mtoto husimama kila mstari kama gari kwenye barabara yenye mashimo. West akavitunga upya: maneno ya nadra akayaondoa na kuweka ya kawaida, na kila neno jipya akalirudia mara kadhaa kabla ya kuleta jingine. Mwaka 1935, pamoja na James Endicott, alitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu ya maelezo. Kamusi za wanafunzi tunazozitumia leo, zinazoeleza neno gumu kwa maneno mepesi, zinafuata njia hiyo.

Lakini maneno ya kawaida ni yapi? Hapo ilibidi kuhesabu. Huko Marekani, Edward Thorndike alikuwa amechapisha mwaka 1921 orodha ya maneno 10,000 yanayotumika zaidi katika maandishi, ili iwasaidie walimu. Mwingereza C. K. Ogden akaja mwaka 1930 na Kiingereza chake cha maneno 850, akidai kwamba yanatosha kusema karibu kila kitu. West hakukubaliana naye. Mwaka 1934 shirika la Carnegie liliwakutanisha mjini New York wataalamu wa jambo hili, miongoni mwao West, Thorndike na Harold Palmer, ambaye alikuwa akiendesha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza nchini Japani. Taarifa yao ilitoka mwaka 1936. Baada ya Vita Kuu ya Pili, West aliikamilisha kazi hiyo, na mwaka 1953 ikatoka orodha yake maarufu ya maneno yapatayo 2,000 ya matumizi ya jumla. Orodha hiyo haikutaja neno tu. Ilionyesha pia kila maana ya neno hutumika kwa kiasi gani, ili mwalimu aanze na maana iliyo kubwa.

MANENO YALIYOANDIKWA KWA PENSELI

Maneno 2,000 ya West yalifaa kwa nyumbani, sokoni na katika hadithi. Lakini mwanafunzi aliyeingia chuo kikuu akiwa nayo hayo tu alikwama. Kuanzia mwaka 1971 wataalamu walianza kutafuta ni maneno gani yanayopungua. Campion na Elley walifanya kazi hiyo New Zealand, na mwaka 1972 Jean Praninskas akachapisha orodha iliyotokana na vitabu vya kiada vya mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Kimarekani mjini Beirut.

Wawili wengine walitumia njia ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo makubwa kuliko zote. Lynn, huko Singapore mwaka 1973, na Ghadessy, huko Iran mwaka 1979, hawakuanza na vitabu vya wataalamu. Walikusanya vitabu vya wanafunzi wenyewe, wakahesabu maneno ambayo mwanafunzi ameandika juu yake, kwa mkono wake, tafsiri ya lugha yake. Sote tunavijua vitabu vya namna hiyo. Ukifungua kitabu chochote kikuukuu cha maktaba yetu utaona Kiswahili kimepandishwa kwa penseli juu ya Kiingereza.

Mtu angetazamia kwamba maneno yaliyowashinda wanafunzi ni yale ya kitaalamu kabisa, kama vile majina ya kemikali na ya viungo vya mwili. Haikuwa hivyo. Yaliyoandikiwa tafsiri mara nyingi zaidi yalikuwa maneno yale ya katikati, yanayopatikana katika kila somo. Jina la kemikali mwalimu hulieleza, huliandika ubaoni na hulitolea mtihani. Neno la katikati hupita kimya, na mwanafunzi hubaki nalo peke yake usiku, na penseli yake.

Mwaka 1984 Xue Guoyi na Paul Nation waliziunganisha orodha hizo nne kuwa orodha moja ya chuo kikuu, yenye maneno zaidi ya 800. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, akatoa orodha mpya. Alikusanya maandishi yenye jumla ya maneno milioni 3.5 kutoka masomo 28 ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, akayaondoa maneno 2,000 ya West, kisha akatafuta yaliyobaki ambayo yanajitokeza mara nyingi na katika masomo mengi. Akapata familia 570 za maneno. Familia moja ni kama "analyse", "analysis", "analyst" na "analytical" kwa pamoja. Zaidi ya asilimia 80 ya maneno hayo yana asili ya Kilatini au Kiyunani. Yaani ni yale yale yaliyopiganiwa na akina Elyot na Cheke. Wengine wamefuata baadaye, kama Gardner na Davies mwaka 2014, waliopitia kwa kompyuta maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 120. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Takwimu za Coxhead hazina budi kubandikwa katika ofisi ya walimu. Maneno ya West yalifikia kiasi cha asilimia 76 ya maandishi ya kitaaluma aliyoyachunguza, na familia zake 570 zikaongeza asilimia 10. Alipozipima familia hizo katika riwaya na hadithi, zilifikia asilimia 1.4 tu. Maana yake ni hii: ukurasa wa kitabu cha kiada wenye maneno 300 una kiasi cha maneno 30 ya aina hiyo, na ukurasa wa hadithi wenye urefu ule ule una manne hivi. Basi kijana anayesoma hadithi peke yake anajenga msingi, na msingi ni muhimu sana, lakini hawezi kuyapata maneno ya katikati kwa wingi. Na kijana asiyesoma hata hadithi hana msingi wa kuyaweka juu yake.

HAPA KWETU

Tanzania ilipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi za serikali. Uamuzi huo uliipa nchi yetu faida ambayo mataifa mengi hayanayo. Sekondari, hata hivyo, zilibaki na Kiingereza. Kuanzia hapo mtoto wa Kitanzania amekuwa akisoma kila somo kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha katika muda wa likizo moja anatakiwa kuwa msomi wa Kiingereza.

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, kikianza na kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Walieleza kwamba kiasi cha asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamefikia kiwango ambacho kwacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanza. Kuanza, si kumalizika. Baada ya taarifa hiyo Uingereza iligharimia mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, ambao ulisambaza katika shule za sekondari vitabu vyepesi vya hadithi.

Nawaomba kaka zangu waliokuwa kidato cha nne mwaka 1984, na wamo wengi katika umoja wetu, wakumbuke taarifa hiyo kabla ya kusema kwamba Kiingereza kimekufa kwa vijana wa leo. Wale waliopimwa walikuwa sisi. Tulivuka kwa kukariri, kwa kusaidiana bwenini, na kwa hisani ya walimu waliotueleza mambo kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa. Wenzetu wengi wenye akili nzuri hawakuvuka, na hawamo katika ukumbi wetu wa mkutano.

Mjadala wa lugha ya kufundishia haujaisha. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitumike katika ngazi zote, na Kiingereza nacho kitumike. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Hata hivyo masomo ya sekondari yanaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Sisi tulio katika utumishi wa umma tunajua kwamba sera husogea kwa hatua za faili: kutoka meza hii hadi meza ile. Kijana wa kidato cha nne hawezi kuahirisha mtihani wake kungoja faili lirudi. Mtu aweza kutetea Kiswahili kwa moyo wote, kama ninavyofanya mimi, na papo hapo akaona ni wajibu kumpa kijana huyu maneno atakayoulizwa Novemba.

SWALI LENYEWE

Tuangalie hasara yake kwa mfano. Swali la historia linaanza na "Account for". Mwanafunzi anajua "account" ni hesabu ya benki, basi anabahatisha na kusimulia tukio tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyetunga swali alitaka sababu. Kurasa tatu zimejaa mambo ya kweli, na alama zinapotea. Swali jingine linasema "Distinguish", naye anaeleza kitu cha kwanza, halafu cha pili, bila kuonyesha tofauti. La tatu linasema "State", neno ambalo katika somo la uraia alifundishwa kuwa ni dola. Katika fizikia anakutana na "work", neno alilolijua tangu shule ya msingi, nalo sasa halina maana ile: mtu aliyesimama amejitwisha gunia bila kusogea, kwa hesabu ya fizikia, hafanyi kazi yoyote juu ya gunia lile.

Kijana huyo hakushindwa historia wala fizikia. Ameshindwa neno moja, na cheti chake hakitasema hivyo. Kitasema tu kwamba amefeli.

MIZIZI YA KWETU

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kukifukuza Kiswahili shuleni. Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kuwa amesema Kiswahili hakumfundishi neno hata moja la Kiingereza, kunamfundisha kunyamaza. Mimi naamini kwamba Kiswahili ndicho ngazi yenyewe, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, mwenye kujua Kiswahili anazijua tayari familia za maneno. Kutoka "soma" tunapata somo, msomi, msomaji, usomaji na somesha. Mtoto hafundishwi hayo kama maneno matano mageni, anauona mzizi. Mwonyeshe basi kwamba Kiingereza cha vitabuni nacho kina mizizi. Mzizi wa Kilatini "port" ni kubeba: "export" ni kupeleka nje, "import" ni kuingiza ndani, "transport" ni kubeba toka hapa hadi kule. Mzizi wa Kiyunani "photo" ni nuru, na "synthesis" ni kuweka vitu pamoja. Mwanafunzi akijua hayo, "photosynthesis" inakuwa maelezo yanayojitegemea, nayo haihitaji kukaririwa kama jina la mtu.

Ya pili, Kiswahili chetu cha kitaaluma kilijengwa kwa njia ile ile. Elimu, mwalimu, mtaalamu na taaluma, yote yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Hakimu, hukumu na mahakama vilevile. Waingereza walikwenda kukopa kwa Warumi na Wayunani, na wahenga wetu wa pwani walikopa kwa Waarabu. Kisha kila mmoja akakitia kile alichokopa katika sarufi yake. Kazi hiyo imeendelea hapa nyumbani: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kijana anayefahamu barabara maana ya tathmini, fasili, dhana na kigezo kwa Kiswahili, amekwisha kupata nusu ya safari. Kilichobaki ni kujifunza kwamba Mwingereza huziita "evaluation", "definition", "concept" na "criterion". Lakini asiyejua dhana ni nini kwa lugha yoyote, hata ukimkaririsha "concept" mara mia, atabaki na sauti tu.

LA KUFANYA

Sasa hesabu. Familia 570 za Coxhead zikigawanywa kwa miaka minne ya sekondari ni kama 143 kwa mwaka. Katika mwaka wenye wiki 38 za masomo, maneno 4 kwa wiki yanatosha, na baadhi ya wiki zinabaki za marudio. Haba na haba hujaza kibaba. Hii ni kazi inayowezekana, hata katika shule yenye walimu wachache.

Napendekeza kwamba walimu wa masomo yote wakubaliane juu ya maneno 4 ya wiki, yaandikwe mahali pamoja wanafunzi wanapokusanyika, na kila mwalimu ayatumie katika somo lake wiki hiyo. "Factor" likisikika Jumatatu katika jiografia, Jumanne katika hesabu, ambako lina maana yake nyingine, na Alhamisi katika historia, mwanafunzi hatalisahau. Kila mwanafunzi awe na daftari la maneno, na kila neno aliandikie maana kwa Kiswahili, ndugu zake wa familia moja, na sentensi aliyoikuta kitabuni. Maneno ya kuulizia maswali yatangulie mengine yote. Wadogo zetu nanyi, msingoje kuamriwa. Daftari moja na penseli vinatosha kuanza. Wala msione haya kuandika Kiswahili pembeni. Wanafunzi wa Singapore na Iran walifanya hivyo, na alama zao za mkono zikawa sehemu ya msingi wa orodha ya chuo kikuu ya mwaka 1984.

Kwa upande wetu sisi wanafunzi wa zamani, wajibu ni wa vitabu. Maktaba ya shule inahitaji vitabu vyepesi vya hadithi kwa kidato cha kwanza na cha pili, vile vilivyotungwa kwa njia ya West, vikiwa nakala nyingi ili darasa zima lisome kwa zamu. Na inahitaji kamusi za wanafunzi, zinazoeleza kwa maneno mepesi, angalau moja kwa kila dawati. Nasikia kamati inafikiria kutumia michango ya mwaka huu kujenga upya lango kuu. Lango ni zuri, nami nitachangia likifika wakati wake. Lakini wanafunzi walioingia kidato cha kwanza Januari wana miaka minne tu, na naomba kamati ianze na wao.